Dishi na king'amuzi cha mtumba: je, inafaa kutazama bila kulipia kifurushi?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Mimi naishi Mbagala. Nimenunua Kariakoo dishi la sentimita 90, LNB yake (kile kipokezi kinachokaa mbele ya dishi), na ving'amuzi viwili vya mtumba. Kimoja ni cha kampuni ya kulipia na kadi imo ndani, kingine ni risiva ya kawaida isiyo na kadi. Fundi ananiambia vitu ni vyangu kwa kuwa nimevilipia, na mawimbi yanashuka juu ya bati langu bila mimi kuyaita, kwa hiyo hakuna ubaya akinifungulia chaneli zote nikawa nampa yeye kiasi kidogo kila mwezi. Je, ni halali? Na kama si halali, vifaa hivi nivitumieje? Wapangaji wenzangu nao wanataka niwavutie waya.

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, ulichonunua Kariakoo ni bati, plastiki na waya. Hivyo ni vyako, hakuna anayekupinga. Haki ya kutazama chaneli iliyofungwa haikuwa ndani ya lile boksi, na aliyekuuzia hakuwa nayo wala fundi hana. Hapo ndipo hoja ya fundi inapovunjika.

Hoja yake ya mawimbi isidharauliwe, maana watu wengi inawaingia akilini. Mtume (s.a.w.) amesema, kama alivyopokea Abu Daud, kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, majani na moto. Lakini mafakihi walipoyaeleza maji hayo walisema ni yale yaliyo mahali pake, mtoni au kwenye mvua. Aliyeyateka akayatia chomboni ameshayamiliki, na ndiyo maana muuza maji anapita na mkokoteni wa madumu mtaani kwenu na biashara yake ni halali. Chaneli ya kulipia ni ya namna hiyo hiyo. Mwenyewe ameivuruga kwa makusudi kabla ya kuirusha, na ufunguo wa kuipanga upya hubadilika kila baada ya sekunde chache. Kadi iliyolipiwa ndiyo inayoutoa. Kinachoshuka juu ya bati lako bila kuitwa ni mvurugo tu. Hiyo picha safi anayokuahidi fundi ameipata kwa kutumia kadi ya mtu mmoja aliyelipa, kisha ufunguo wake ukasambazwa kwa intaneti kwenye maboksi ya watu ambao kampuni haikuwaruhusu.

Kwa hiyo unampa fundi pesa kwa kitu asichokimiliki, na Mtume (s.a.w.) alimwambia Hakim bin Hizam asiuze asichokuwa nacho. Allah anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 29, tusiliane mali zetu kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Kuridhiana kwa nani hapa? Mwenye chaneli hajaridhia. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba haki kama za utunzi, uvumbuzi na jina la biashara ni mali kisheria, zinalindwa, na haifai kuzivamia. Kibali cha kutazama kinaingia humo. Na nchini kwetu iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Najua litakalofuata: «kampuni ni tajiri, tena si ya Waislamu, haipungukiwi kitu». Usiku wa Hijra, makafiri wa Makka wakiwa wanapanga kumuua, Mtume (s.a.w.) alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili awarudishie wenyewe amana zao. Mali ya mtu uliyepatana naye haiwi halali kwa utajiri wake wala kwa dini yake. Na dharura haipo hapa. Dharura ni ya anayeogopa kufa njaa. Kukosa mechi ya Jumapili kunauma, nalielewa hilo, lakini si dharura.

Sasa vifaa, kwa sababu sehemu kubwa ya swali lako ina jibu la halali na sitaki uvitupe.

King'amuzi cha kampuni kwanza. Kukinunua mtumba kunafaa iwapo muuzaji alikuwa mmiliki kweli. Kampuni nyingine huuza boksi, nyingine huliazimisha kwa mkataba, na lililoazimwa haliuzwi. Chukua namba ya kadi na namba ya boksi (zimebandikwa chini, pia zimo kwenye menyu), piga huduma kwa wateja, waulize kama limeripotiwa kuibwa na kama linaweza kuhamishiwa jina lako. Kadi nyingi zimefungamanishwa na boksi moja, hivyo ukikuta kadi ya huku na boksi la kule hutapata picha hata ukilipia. Hili lilipaswa kufanywa dukani, kabla ya kutoa pesa, boksi likiwa limewashwa. Muuzaji aliyejua kasoro akaificha ametenda haramu, kwa hadithi ya Uqba bin Amir aliyoipokea Ibn Majah kwamba si halali Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro bila kumbainishia, nawe una khiyari ya kukirudisha na kudai pesa zako. Kikiwa salama, kihamishie kwako na ulipie kifurushi unachokiweza. Kifurushi kikiisha na bado chaneli kadhaa zinaonekana kwa sababu kampuni yenyewe imeziacha wazi, zitazame bila wasiwasi, hiyo ni ruhusa yao.

Risiva isiyo na kadi ndiyo neema yako. Iko idadi nzuri ya chaneli zinazorushwa wazi, ambazo mafundi huziita FTA, na mwenye kurusha bila kufuli ameruhusu kwa kitendo chake, kama ilivyo desturi inayojulikana kwa wote. Hakikisha risiva inasoma DVB-S2 na MPEG-4, yaani mifumo ya kurushia na kubania picha. Zile kongwe zinazosoma MPEG-2 peke yake zitakuonyesha jina la chaneli na sauti pengine, lakini kioo kitabaki cheusi. Ukiingia kusachi, chagua kwenye menyu kipengele cha FTA pekee. Usipochagua, risiva nyingi zitaweka alama ya $ pembeni ya kila chaneli iliyofungwa. Alama hiyo ichukue kuwa mpaka wako.

Kuhusu kufunga: ukisimama kuelekea Qibla, ambacho kwetu Dar ni karibu kaskazini moja kwa moja, satelaiti iliyo nyuzi 7 mashariki (satelaiti hutajwa kwa longitudo zake) iko mkono wako wa kushoto, mbele kidogo, na kimo chake ni nyuzi 51 hivi kutoka upeo wa macho. Ile ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini, nyuzi 81 hivi. Uso wa dishi dogo utaonekana umesimama zaidi ya hapo kwa kuwa limeundwa kupokea kwa mshazari, hivyo fuata namba zilizochongwa kwenye kibano cha nyuma. Kinachowashinda wengi ni LNB. Sisi tuko karibu na ikweta, na kwa satelaiti iliyo mbali upande wa machweo LNB huhitaji kuzungushwa karibu robo duara. Ukiiacha wima, mstari wa nguvu utapanda na wa ubora utabaki sifuri. Nguvu peke yake haina maana, hupanda hata dishi likitazama ukuta. Tazama ubora. Kwenye menyu, LNB ya kawaida ya Ku (masafa yanayopokelewa na madishi madogo) iwekwe 9750 na 10600, na 22 kHz iachwe ijiendeshe.

Zima risiva kabla ya kufunga waya. Uzi mmoja wa wavu wa nje ukigusa shaba ya katikati, unapiga shoti umeme unaokwenda kwenye LNB na risiva inaweza kuungua. LNB ya mtumba iliyokaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, mara nyingi kichwa chake kimeliwa na kutu ya chumvi. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, usiinunue. Na masika yakishika, picha kugandaganda wakati wa mvua kubwa ni kawaida ya mawimbi ya Ku, usikimbilie kumlipa fundi.

Wapangaji wako: kwa chaneli za wazi wavutie, ni wema. Tumia LNB ya matundu mawili au manne, kila mpangaji na risiva yake na waya wake. Msigawane tundu moja kwa kigawanyio cha kawaida, kwa sababu risiva huiamuru LNB kwa volti 13 au 18, na mbili zikiamuru tofauti kwa wakati mmoja, mmoja wenu atapoteza nusu ya chaneli. King'amuzi cha kulipia ni jambo jingine. Mikataba mingi inakiruhusu kwa kaya moja tu, na Suratul Maida inaanza kwa kutuamrisha kutimiza mikataba. Soma wa kwako, na ukikataza, usivute. Anayeonyesha mpira kwa kiingilio kwenye kibanda umiza kwa kifurushi cha nyumbani naye ni hivyo hivyo: akaombe kibali au kifurushi cha biashara.

Ikiwa fundi ameshakufungulia na umeshatazama, acha leo, mwambie aondoe alichoweka, na utubie. Haki ya mja hulipwa, na hapa njia ni nyepesi: kadiria kwa dhana iliyo na nguvu ni miezi mingapi ulitazama, kisha ulipie kwa kampuni hiyo hiyo vifurushi vya idadi hiyo, hata kidogo kidogo. Boksi likiwa halina usajili, lipia kadi ya ndugu au jirani aliye mteja wao, ilimradi fedha ifike kwao. Pesa ulizompa fundi usizihesabu kuwa malipo ya haki hiyo, maana hazikumfikia mwenyewe.

Wallahu aalam.