Hakuna cheti cha EUDR, ndugu yangu. Tenganisha mbao zako

Usilipe. Kama hujatuma hizo pesa, usitume. Kama umeshatuma nusu, nusu iliyobaki ishike hapo hapo.

Nimeusoma uzi wako mara mbili. Una karakana hapa Lamu, unauza milango na masanduku kwa mnunuzi wa Italia, na mshauri amekwambia kuwa bila "cheti cha EUDR", ile sheria ya Ulaya ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ufyekaji wa misitu, cha shilingi 280,000, mzigo wako hautaingia Ulaya. Unauliza ulipe au usubiri. Moyo umeniruka, kwa sababu maneno hayo ni yale yale niliyoambiwa mimi mwaka 2024, na yalinila pesa na mteja wa miaka sita.

Cheti hicho hakipo. Sheria yenyewe, namba 2023/1115 ya Umoja wa Ulaya, haimpi fundi wa Lamu cheti chochote. Mwenye wajibu ni yule anayeiingiza bidhaa kwenye soko lao, yaani mnunuzi wako. Yeye ndiye anayejaza taarifa kwenye mfumo wao, na ikiwa ya uongo adhabu ni yake. Kutoka kwako anataka habari za mti: ni mti gani, ulikatwa nchi gani, lini, na lokesheni ya pale uliposimama, latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya nukta. Anataka pia ushahidi kuwa ulikatwa kihalali, na kwamba hapo si msitu uliofyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Hata vyeti vya kweli vya misitu vinavyojulikana duniani vinamsaidia tu kukagua. Kazi hiyo havimwondolei.

Mimi sikuyajua hayo. Nilimlipa mtu 350,000 akaniletea faili zito, jalada lina nyota za Ulaya, ndani ramani ya kaunti nzima na mihuri mitatu. Nilimuuliza kuhusu mbao zangu, maana stoo ilikuwa imejaa za kila namna. Akanijibu, "Mbao ni mbao, karatasi ndiyo inayosafiri." Maneno hayo sitayasahau. Kwa maneno hayo nilimruhusu fundi achukue ubao wowote uliokaa karibu.

Mlango wa kwanza wa oda ile nikueleze ulivyokuwa. Mfaa wake ulikuwa bambakofi niliyoinunua kwa dalali Mombasa, risiti imeandikwa "mbao" na bei, basi. Vibao vya ndani ni mwembe kutoka shamba moja la Hindi, huku Lamu bara, mwenye shamba namjua kwa jina na kwa baba yake. Kizingiti ni mkangazi, tuliambiwa umetoka Kongo. Mlango mmoja, mti mmoja wa uhakika na miwili ya kubahatisha. Nakshi yake ilimchukua fundi siku kumi na tisa. Mteja alipolipokea faili akaniandikia mstari mmoja: hii haina maana kwangu, nipe lokesheni ya kila mti ulio kwenye mlango huu. Nikasimama mbele ya mlango na simu mkononi, nikashika kile kizingiti, na sikuwa na la kumjibu. Mwembe ningeweza kumpa siku ile ile. Lakini mwembe ulishagongomewa pamoja na vile viwili, na kipande kimoja kisichojulikana kinaangusha mlango mzima. Milango kumi na minne ilibaki kwangu. Mitano niliiuza kwa wajenzi wa Shela kwa bei ya kutupa, mingine ingali imeegemea ukuta mpaka leo.

Na kinachoniuma zaidi, huyo mshauri hakuwa mjinga. Alijua sheria inambana nani. Alijua pia tarehe inasogea, akaitumia kututisha. Ilikuwa ianze 30 Desemba 2024, ikasogezwa mwaka mmoja, ikasogezwa tena, sasa wanasema 30 Desemba 2026. Kila inaposogea wanapita upya karakana kwa karakana kuuza hofu ile ile. Watu wa namna hii wanawala mafundi ambao kipato chao ni patasi na randa. Nina hasira nao na sifichi.

Lakini usinielewe kwamba ukae ungoje tarehe. Tarehe inasogea, kisiki hakingoji. Mti ukishapasuliwa mbao bila kuandikwa, hakuna mtu duniani atakayekwambia baadaye ulisimama wapi. Habari hiyo inapatikana siku ya kukata tu, na ni bure. Mimi sasa nikinunua mwembe nakwenda mwenyewe, napiga picha kisiki simu ikiwa imewasha lokesheni, naandika tarehe na jina la mwenye shamba, naomba nakala ya kibali cha kukata na cha kusafirisha. Mbao zikifika zinapigwa rangi kichwani, rangi moja kwa kila shamba, na kila rangi ina rafu yake. Ubao usio na rangi hauingii kwenye kazi ya Ulaya hata uwe mzuri namna gani. Ule wa dalali unakwenda kwenye kazi za hapa nyumbani.

Kama unatengeneza meza za mbao za majahazi makuukuu, soma hapa vizuri. Bidhaa iliyotengenezwa yote kwa mbao zilizokwisha kazi yake, ambazo zingetupwa, haimo kabisa kwenye sheria hiyo. Neno ni "yote". Mimi nilikuwa naweka juu ubao wa jahazi, matundu ya misumari yanaonekana, halafu chini natia miguu ya msaji mpya kwa sababu inanyooka vizuri. Miguu minne hiyo iliirudisha meza nzima ndani ya sheria. Sasa miguu naikata kwenye mataruma ya chombo hicho hicho, na chombo nakipiga picha Matondoni kabla hakijavunjwa.

Kwa hiyo leo mwandikie mnunuzi wako, umuulize kwa maandishi anataka habari gani kwa kila kipande. Kisha ingia stoo na chaki kabla mafundi hawajaanza kazi kesho, ugawe mbao unazozijua upande mmoja na usizozijua upande wa pili. Zikishagongomewa pamoja umechelewa. Daftari langu liko karakana, Mkomani. Njoo jioni yoyote baada ya alasiri ulinakili ukurasa wa kwanza ulivyopangwa, na hiyo 280,000 uje nayo mfukoni, ukanunue mwembe wa Hindi.