Nisifu upendavyo, zamu si yangu

Swali la juma linauliza: mtu anayejipatia upendeleo kwa sifa na maneno matamu, ni mwerevu au ni mnafiki?

Naona swali limemtazama mmoja tu, huyo msifu. Limemwacha anayesifiwa, na limemsahau kabisa wa tatu, ambaye mara nyingi hata hayupo pale sifa zinapomwagwa. Mimi kabla sijamwita mtu mnafiki huuliza kwanza: hicho anachokiomba kwa maneno yake matamu, ni mali ya nani?

Nashona nguo za kike Ngamiani, hapa Tanga mjini. Kwa kazi hii nimesifiwa kuliko wanavyosifiwa maharusi. Likishaingia kumi la mwisho la Ramadhani, kila anayepita mlangoni ana kitambaa mkononi na asali mdomoni. Mwaka mmoja aliingia dada mmoja na kitenge kizuri, kikiwa bado kwenye mfuko wa duka. "Shikamoo fundi. Yaani ile kola uliyomshonea wifi yangu! Harusini watu waliacha kumtazama bi harusi wakawa wanamtazama yeye." Nikaitikia marahaba huku nacheka. Akaligeukia gauni lililokuwa limening'inia. "Na hili nalo mkono wako? Mungu kakupa, fundi, usikatae." Pembeni kwenye kiti palikuwa na vipande vilivyokatwa, na binti ninayemfundisha kazi alikuwa kwenye ovaloku, mashine ya kufunga pindo, anavipitisha kimoja kimoja. Mgeni wangu akamwambia, "We, hebu ondoa haya matambara nikae." Sauti nyingine kabisa, kama kaingia mtu wa pili. Binti akaondoa. Dada akakaa, akanirudia na asali yake: anataka gauni la Idd, na Idd yenyewe keshokutwa, ila fundi kama mimi hashindwi.

Sikuwa na neno lake hata moja la kulipinga. Ile kola kweli ilikaa. Kwa hiyo wanaosema ubaya wa sifa ni uongo wake, hapa wamekwama, maana sifa zilikuwa za haki na bado jambo halikuwa sawa. Nikamfungulia daftari. Mbele yake kulikuwa na watu walioleta vitambaa tangu mwezi wa Shaabani, wengine wametanguliza nusu ya hela ya ufundi, na hakuna hata mmoja aliyenitungia shairi. Walisema vipimo vyao, wakaondoka. Sasa katika hao, nimtoe nani?

Angeniomba nimpunguzie bei, ningempunguzia tena kwa moyo mkunjufu. Hela ya ufundi ni yangu. Nikiamua kuiacha kwa sababu mtu kanifurahisha, hasara naibeba mimi na furaha naibaki nayo mimi. Sisi wa Pwani hatuoni haya kulipia maneno mazuri. Enzi za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hapa Tanga, mtu alikuwa anainuka kwenye kiti chake, anakwenda kwa maringo hadi kwa mwimbaji, anamtunza noti mbele ya ukumbi mzima. Kila mtu anaona hela imetoka pochi ya nani.

Wala nisieleweke kuwa nakataza watu kuwa na ulimi mtamu. Wageni wakija Tanga wakaitwa "mpenzi" na muuza maandazi hudhani wameshapendwa. Wapi! Ukishuka Deep Sea kununua samaki ukamwita muuzaji kaka yangu, ukamuulizia mama na watoto na hali ya bahari, hujajikomba kwa mtu. Umemsalimia. Akikuongezea samaki mmoja kwenye fungu, kaongeza cha kwake.

Zamu ndiyo si yangu, na ndiyo si ya karani wa dirishani, wala ya nesi mwenye faili, wala ya mkubwa anayegawa nafasi za kazi. Ukimpa karani noti akusogeze mbele, hiyo ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inakuhusu wewe na yeye. Ukimwambia "bosi wangu, ofisi hii bila wewe ingeshakufa", akakusogeza vilevile, hakuna wa kuwakamata. Lakini yule aliyerukwa hasara yake ni ileile. Tena wa noti anaweza akaonekana akipokea, akasemwa. Wa sifa hata mwenyewe hajui kama kapokea kitu. Anakwenda nyumbani akiamini kamsaidia mtu mstaarabu. Aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi anachokiona ni kwamba leo foleni haisogei.

Wapo watakaosema mtu mzima akivikwa kilemba cha ukoka anakijua, hadanganyiki. Nami nilikuwa nikidhani hivyo, mpaka mwanangu aliyesomea biashara aliponieleza utafiti wa Elaine Chan na Jaideep Sengupta, uliotoka mwaka 2010. Ulifanyika Hong Kong, na ulinigusa kwa kuwa ulihusu mavazi. Wanafunzi walionyeshwa tangazo la duka likiwaambia kuwa wao ni watu wanaojua kuvaa, wenye kwenda na mitindo. Walielewa fika kuwa tangazo ni lilelile kwa kila mtu na kuwa duka linataka hela zao, na walipopewa nafasi ya kufikiri walilikadiria kwa tahadhari. Ila hisia zao za haraka, zile zinazotoka kabla akili haijajipanga, zilionyesha kuwa duka limeshapendwa. Kumbe sifa hupita hata pale mlango unapokuwa umefungwa. Ndiyo maana mimi sijitegemei. Nategemea daftari, maana daftari halina masikio.

Wazee wa dini walilijua hili mapema. Imepokewa katika kitabu cha Hadithi cha Sahihi Muslim kuwa mtu mmoja alianza kumsifu Khalifa Uthman, na Miqdad, sahaba wa Mtume ambaye alikuwa mtu wa mwili, akapiga magoti akaanza kumrushia yule msifu changarawe usoni. Uthman akamuuliza, una nini? Akajibu kwamba Mtume alisema mkiwaona wenye kusifu watu, watupieni mchanga nyusoni. Wanazuoni wameeleza kuwa wanaokusudiwa ni wanaopindukia na wanaofanya sifa kuwa njia ya kujipatia kitu, kwani kumsifu mtu kwa haki kumethibiti pia katika Hadithi. Sijawahi kumrushia mteja changarawe. Biashara ingefungwa wiki hiyohiyo. Ila Miqdad namwelewa.

Uchawa wa siku hizi, wa kulipwa kwa mwezi ili umsifu mtu mitandaoni, siuingii. Wenye kazi hiyo wanajulikana, na wanaowalipa wanajulikana.

Mtu akiniuliza nitamjuaje mwenye maneno mazuri ya kweli na mwenye ndoano, nitamwambia atazame anavyosema na asiyekuwa na cha kumpa. Mtafiti mmoja wa Uholanzi, Roos Vonk, mwaka 1998 alionyesha kuwa watu wakimwona mtu ni mtamu kwa wakubwa na mkali kwa wadogo, humshuku na kumchukia upesi sana. Binti wangu wa ovaloku angeweza kuwaambia hayo bila utafiti. Aliyatoa yale "matambara" kwenye kiti, akayakunja vizuri, wala hakusema kitu. Lakini mgeni alipotoka aliniuliza kama wifi wa yule dada naye ana sauti mbili.

Kwa hiyo jibu langu kwa mhariri: mwerevu ni kweli, unafiki sina kipimo chake, ila akichukua zamu ya mwenziwe kwa maneno, kaiba. Na aliyempa ndiye aliyefungua ghala.

Yule dada nilimwambia gauni litakuwa tayari wiki moja baada ya Idd, na kwenye bei nitamwangalia. Alikusanya kitenge chake, mkono wangu wenye baraka ukawa hauna tena baraka, akaenda kwa fundi mwingine barabara ya pili. Nasikia alisifu huko pia, na Idd mosi alivaa. Kuna mwanamke mwingine hapahapa Ngamiani amevaa la kwake Idd pili.