Kabla ya nani achague, nani anasoma?

Mhariri, wiki hii mmeuliza nani anapaswa kuchagua vitabu vya hadithi vinavyosomwa shuleni: serikali, mwalimu au mzazi. Najua swali limetoka wapi. Tangu ile Februari 2023, wizara ya elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 shuleni, na miongoni mwake ule mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, wazazi wakikutana mjadala ni huo huo wa maadili na nani kaingiza nini. Wajadiliane tu, sina neno. Ila mimi nina steshenari Morogoro, geti la sekondari naliona nikiwa nimekaa kwenye mashine, na ukitazama kutoka hapa swali lenu ni la watu ambao tayari wana vitabu. Vile vilivyofungiwa ni vya watoto wa shule za ada ya mamilioni. Wateja wangu wanatoka shule ya kata, na wao hawasomi kitabu kilichochaguliwa na yeyote. Wanasoma uchambuzi, yaani notisi za kukieleza kitabu badala ya kitabu chenyewe.

Waliopita sekondari miaka ya karibuni wanaujua. Karatasi zimebanwa pini, wino umefifia: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, migogoro, wahusika, mandhari, mtindo, muundo, matumizi ya lugha, halafu kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mimi nauza, sifichi. Septemba na Oktoba, kidato cha nne wanapojiandaa na mtihani, ndiyo miezi inayonilipia kodi ya fremu. Riwaya zenyewe ninazo nakala chache shelfu ya juu, zinapigwa vumbi.

Na mtihani wenyewe unaruhusu. Swali la fasihi linakuja na orodha ya vitabu: vya ushairi vitatu, riwaya tatu, tamthiliya tatu. Mtahiniwa achague viwili, atoe hoja, mara nyingi tatu kwa kila kitabu. Ukishakariri hoja za nafasi ya mwanamke, za mila potofu na za mapenzi, umemaliza. Kitabu hujakishika mkononi.

Kuna binti mmoja simsahau. Kidato cha nne, mrefu, sketi imeshushwa pindo mpaka mstari wa zamani unaonekana. Aliingia mchana na uchambuzi wa Takadini alioazima kwa mwenzake wa shule nyingine, anataka kopi. Shikamoo anti, marahaba, nikaanza. Katikati ya kazi umeme ukakatika, mashine imemeza karatasi moja, nusu ndani nusu nje. "Anti, nisubiri?" Nikamwambia asubiri, wakati mwingine unarudi haraka. Feni imesimama, joto la Morogoro mnalijua. Akawa anaangaza macho huku na huku, mara akasema, "Kumbe kipo kitabu!"

Alijua Takadini ni kitabu, bila shaka. Hakuwahi kukiona tu. Nikapanda kwenye kiti nikamshushia.

Alianza kukisoma amesimama, baadaye akakaa kwenye ile ndoo ya rangi niliyoifanya kiti cha wateja. Kwa wasiokijua: ni riwaya aliyoiandika Ben Hanson, mambo yanatokea Zimbabwe. Sekai amesubiri mtoto kwa miaka, anampata, na mtoto anazaliwa na ualbino. Mila inataka auawe. Mama anambeba anakimbia naye.

Umeme ulirudi baada ya saa nzima hivi. Nikamwita, kimya. Nikatoa kopi zake, nikazipanga, nikazibana pini, nikaziweka kaunta. Bado kimya. Akaingia mtu wa kujaza fomu, akaingia mama wa picha za pasipoti na mtoto anayelia, wote wakahudumiwa wakaondoka, binti yuko kwenye ndoo. Alipoinua kichwa, aliuliza, "Anti, baba yake Takadini si ni Makwati?"

Nikamwambia ndiye.

"Mbona huku wameandika Chivero?"

Tukaviweka pamoja kwenye kaunta, kitabu kushoto, uchambuzi kulia. Kweli bwana. Kwenye sehemu ya wahusika, uchambuzi unasema Chivero ndiye baba mzazi. Kwenye kitabu, Chivero ni mzee wa kule ugenini walikokimbilia. Aliyechapa mara ya kwanza alichanganya majina, na waliokopi baada yake wamekopi pamoja na kosa, shule kwa shule. Binti alicheka mpaka akajiziba mdomo. Nina miaka naona wanafunzi hapa dukani, wengi wakiwa na sura za watu waliotumwa. Huyu alikuwa na sura ya mtu aliyemkamata mkubwa akidanganya. Nikamwambia achukue kitabu, hela aache.

Kesho yake alirudi amenywea. Alimwonyesha mwalimu. Sitamtaja mwalimu wala shule, na wala simlaumu sana, ana mikondo ya kutosha na daftari zinamfuata mpaka nyumbani. Alimwambia aandike kama ilivyo kwenye notisi, maana darasa zima limeshaandika hivyo na muda umeisha. "Nikiandika Makwati watanikosesha?" akaniuliza. Nikamwambia andika Makwati. Akaniangalia, naona anapiga hesabu: kati ya mwalimu na muuza kopi, nani anajua zaidi anachotaka msahihishaji. Alichoandika kwenye mtihani sikijui. Kitabu alikirudisha kimevalishwa karatasi ya kaki, kingo zimekunjwa vizuri, kisafi kuliko nilivyompa.

Sasa, nilipokaa kuandika nilikuwa na jibu moja: futeni orodha, waacheni watoto wachague wenyewe. Sababu ninayo. Orodha yetu inanuka zahanati. Katika zile tamthiliya tatu, mbili, Orodha na Kilio Chetu, ni za UKIMWI. Naelewa, nchi ilikuwa inazika watu kila wiki. Lakini mtoto wa miaka 15 ukimpa hadithi kama dozi, ataimeza na kusahau ladha. Ya tatu ndiyo inayochekesha, Ngoswe ya Edwin Semzaba, karani wa sensa anayeacha kuhesabu watu akahangaika na binti wa balozi wa nyumba kumi. Na angalieni kilichotokea nayo. Sensa ya 2012, sensa ya 2022, makarani walitaniwa mitaani kwa jina hilo, na "ya Ngoswe mwachie Ngoswe" utaisikia kwa bodaboda ambaye hana habari kama kuna tamthiliya. Huyo hakufundishwa dhamira na mtu.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu, na yule binti ananiharibia. Kitabu kilichomkalisha kwenye ndoo ni cha orodha hiyo hiyo ninayoisema vibaya. Kilikuwa dukani kwangu kwa sababu moja tu, kwamba kimo kwenye orodha; kwa mtaji wangu huu nisingenunua riwaya ya Zimbabwe nikaiweka juu ikisubiri mpenzi wa kusoma. Halafu kumbukeni ile miaka ya 2007 mpaka 2009, redio inawashwa asubuhi na habari ni mwenye ualbino mwingine kauawa, Kanda ya Ziwa, kakatwa viungo. Katika nchi yenye habari hizo, mwanafunzi amhurumie Sekai akiwa darasani, tena kwa lazima, sioni kama ni jambo dogo. Tungewaachia wazazi wapige kura, nani angekichagua? Mzazi anayeingia kwangu anaulizia kitabu cha Kiingereza chenye picha za rangi. Cha Kiswahili anasema mtoto atakijua tu nyumbani. Mwalimu naye angefundisha kile anachokijua tangu chuo, kwa sababu ndicho ana notisi zake.

Basi serikali ichague. Nimeandika hivyo na mkono unasita kidogo, kwa hiyo niweke masharti. Kwanza iweke na vya kuchekesha, na vya kutisha, na vya mapenzi ya kawaida yasiyoishia kaburini. Pili, Baraza la Mitihani lichape nusu ukurasa wa riwaya kwenye karatasi yenyewe ya mtihani, limuulize mtoto hapa kunaendelea nini, huyu kwa nini kasema hivi, aliyenyamaza ananyamazia nini. Kwa swali la namna hiyo uchambuzi hauna msaada mkubwa. Ingawa nawajua wenzangu wa biashara hii: mwezi haujaisha kutakuwa na kijitabu cha "vifungu vinavyotarajiwa", na pengine nitakiuza. Tena ukileta swali hilo kabla ya vitabu kufika, watakaoanguka wa kwanza ni hawa hawa wa kata. Kwa hiyo vitabu vitangulie, hata kitabu kimoja kwa wanafunzi watano, wagombanie.

Mwalimu na mzazi nimewanyima kura, najua mtaniandikia. Mwalimu ningempa walau kitabu kimoja cha kuchagua mwenyewe kila mwaka, kisicho na mtihani. Mzazi sijaona nimpe nini, labda bei.

Na kama orodha itabadilishwa, tafadhali watangaze Januari, wasingoje Juni. Wengine tunakuwa tumeshachapa.