Dola au riyali kwa Umra ya mama?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwezi ujao nampeleka mama Umra. Nauli na hoteli tumeshalipa. Mkononi kuna shilingi 1,800,000, akiba yake ya kuuza vitumbua kwa miaka mitatu. Kaka anasema ninunue riyali tupu hapa hapa nchini. Jirani naye ana dola za bei nafuu, ila mbili zimeandikwa namba kwa kalamu. Nifuate lipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mfikishie salamu zangu. Nilikaa dirishani katika duka la kubadilishia fedha Kariakoo kwa miaka kumi na moja. Pesa za kudunduliza kama hizi nilikuwa nazihesabu mara mbili, maana nilijua zikipotea hazirudi.

Dola za jirani ziache. Simtuhumu, lakini risiti hana, na noti ikigundulika ni bandia itachukuliwa na hulipwi kitu. Hata kama ni halali, hiyo kalamu itakutesa. Marekani inazitambua noti zake zote tangu za mwaka 1861, ila mwenye duka wa Makkah halazimiki kuipokea. Nilipokwenda mimi, noti yangu ya mia yenye mhuri mdogo wa wino ilikataliwa madirisha matatu, nikarudi nayo nyumbani. Chukua za mia mia, safi, zile zenye utepe wa bluu zilizoanza kutoka 2013. Ukipewa iliyochanika pembeni, irudishe pale pale. Usione haya.

Sasa riyali. Tangu 1986 Saudia imeifunga riyali yake kwenye dola: dola 1 ni riyali 3.75. Kwa hiyo ukifika dukani, tazama ubaoni dola inauzwa bei gani, gawanya kwa 3.75, ndipo utaijua riyali ilistahili bei gani. Tuseme dola inauzwa 2,600. Riyali ingekuwa kama 693. Ukikuta inauzwa 740, hiyo ziada ni ya duka, kwa sababu wanunuzi wa riyali ni wachache na duka hulipa gharama ya kuziweka.

Kwa bei hizo ningefanya hivi: dola 600, ambazo ni shilingi 1,560,000. Zinazobaki 240,000 ningenunulia riyali, upate kama 320 za maji, teksi na chakula cha siku ya kwanza, msihangaike kutafuta duka mkiwa na uchovu wa ndege. Kule hawatakupa 3.75 kamili. Hata wakikupa 3.70, dola 600 zitakuwa riyali 2,220. Shilingi hizo hizo ukinunulia riyali za 740 utapata 2,108. Riyali 112 ni milo ya mama, mwanangu.

Badilisheni kidogo kidogo, dola mia kwa mara moja. Zitakazobaki zirudi zikiwa dola, maana riyali ukija kuziuza huku utakatwa tena, na sarafu hutapata wa kuzinunua. Risiti itunze pamoja na pasi.

Usiziweke zote kwenye mkoba wako. Mama mshonee kimfuko ndani ya nguo, umpe riyali zake mwenyewe, achague tende na tasbihi za wajukuu bila kukuomba.