Wasomaji Wauliza: Ruta ya Laini ya Simu Yaweza Kushika Nafasi ya Faiba Nyumbani?

*Assalaam alaykum. Tunaishi Mkomani, Lamu, nyumba ya mawe ya ghorofa mbili. Faiba haijafika kichochoroni kwetu, kwa hivyo nilinunua ruta ya laini ya simu nikaiweka sebuleni. Asubuhi yaenda vizuri, lakini baada ya Isha darasa la video la wanangu laganda. Nami nauza nguo mtandaoni. Ningoje faiba, au hii yaweza kutosha?* – Mama wa wawili, Lamu

Wa alaykum salaam, mama. Yaweza kutosha, lakini si hapo sebuleni. Una matatizo mawili yaliyoshikana na kila moja lina dawa yake, basi yatenganishe kabla hujatoa shilingi nyingine.

La kwanza ni ukuta. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na mawe hayo hushika unyevu na chumvi. Mawimbi ya simu hudhoofika sana yakipita humo. Masafa ya chini, kama megahezi 800, hupenya vizuri zaidi kuliko ya 1800, lakini hata hayo hufika sebuleni yamechoka. Makuti makavu hayazuii sana. Mabati huzuia karibu yote.

La pili ni mnara. Kasi ya mnara hugawanywa kwa wote walio upande mmoja wake. Chaneli moja ya 4G yenye upana wa megahezi 20 hutoa, hali ikiwa nzuri kabisa, kama megabiti 150 kwa sekunde, na hizo ni za mtaa mzima. Watu thelathini wakitazama video safi ya megabiti 5 kila mmoja, zimekwisha. Faiba za majumbani nazo hugawanywa, lakini uzi mmoja wa aina iliyoenea hubeba kama megabiti 2,400 kwa nyumba 32 au 64. Kwa sababu hiyo aliye na faiba hausikii sana msongamano wa usiku, na wewe wausikia.

Pima kwa siku saba, mara tatu kila siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Andika kasi ya kupokea, kasi ya kutuma, na namba mbili zilizo kwenye ukurasa wa ruta (fungua 192.168.8.1 au 192.168.1.1, kulingana na maandishi yaliyo chini ya ruta). RSRP ni nguvu ya mawimbi: -85 ni nzuri, -100 ni ya wastani, -110 ni mbaya. SINR ni usafi wake: 20 ni safi, 10 yafaa, karibu na 0 ni kelele tupu. Usitegemee vile vijiti vya kwenye skrini, maana kila mtengenezaji huvipanga apendavyo.

Kasi ikiwa mbovu nyakati zote tatu na RSRP iko chini ya -105, kosa ni la ukuta, na hilo latibika. RSRP ikiwa -85, asubuhi wapata megabiti 40 na usiku 3, mnara umejaa. Hapo antena kubwa ya kuelekea mnara uleule haitakusaidia. Jaribu laini ya kampuni nyingine kwa simu, palepale, saa ileile ya usiku. Bando la siku moja latosha kwa jaribio hilo, nalo ni rahisi kuliko kununua mtambo.

Kwa ukuta, watu wengi hununua antena ya nje na kuvuta waya mwembamba hadi kwenye ruta iliyo ndani. Si shauri zuri. Kwenye megahezi 1800, mita kumi za waya mwembamba humeza zaidi ya nusu ya nguvu uliyoifuata juu. Peleka ruta yenyewe darini. Ziko ruta za nje zilizofungwa zisiingie maji, ambazo hupata data na stima kwa waya mmoja wa mtandao. Waya huo waweza kufika mita 100 bila kupoteza kitu cha maana. Nyumbani kwako mita 20 zitatosha. Ndani huwa na kisanduku cha kupitishia stima, kisha kituo cha kawaida cha waifai sebuleni, na kingine ghorofa ya pili, maana kuta hizohizo huzuia waifai pia.

Chagua waya mweusi wa nje, wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi, lakini hupoteza volti, na kwa hewa yetu ya chumvi ncha zake huliwa upesi. Boliti na vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu. Kabla waya haujaingia kwenye ruta, uache uning'inie kidogo kwa chini ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya hadi kwenye soketi. Zungusha utepe wa mpira unaojishika kwenye kila kiungo. Na usitoboe ukuta wa mbele: mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kazi yoyote kwenye sura ya nyumba uiulize kwanza ofisi ya Makumbusho. Mlingoti uliosimikwa kwenye ndoo ya zege darini hauhitaji tundu hata moja. Uwe mbali na ukingo, kusi ikivuma usije ukaangukia wapita njia.

Ukishaweka, geuza ruta kidogo kidogo, subiri dakika moja kila mara, ufuate SINR kuliko RSRP. Mara nyingi mwelekeo wenye nguvu kidogo lakini usafi zaidi ndio hutoa kasi.

Limebaki bando. Darasa la video hula kama GB 1 kwa saa. Saa mbili kwa siku, siku 22 za masomo, ni GB 44. Filamu ya ubora wa juu hula kama GB 3 kwa saa, basi saa mbili kila usiku ni GB 180 kwa mwezi. Shusha ubora hadi 480 na zile 180 huwa karibu 42. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguza kasi ukifika kiwango fulani. Uliza kiwango hicho ni GB ngapi, na baada yake kasi hushuka hadi ngapi, kabla ya kulipa.

Kwa mahitaji yenu, SINR ikifika 10 na usiku ukipata megabiti 10 za kupokea na 3 za kutuma, usingoje faiba. Ikija, ichukue.

*Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinane, Malindi, upande wa Casuarina. Faiba ninayo lakini hukatika mara kwa mara. Nataka kuiacha nitumie laini ya simu pekee. Mwasemaje?* – Mwenye nyumba

Usiiache, ndugu. Wageni wanane wakitazama video kwa pamoja ni megabiti 40 kila usiku, na Agosti na Desemba, mji ukijaa, mnara nao hujaa. Tafuta kwanza kwa nini faiba yakatika. Mwambie fundi apime mwanga unaofika kwenye kifaa chako: kawaida huwa kati ya -8 na -27 kwa kipimo cha dBm, na kadiri namba inavyozama chini ndivyo mwanga ulivyo hafifu. Ukiwa -26 uko ukingoni, na kuti la mnazi likiugusa waya tu umezima. Sababu za kawaida ni waya uliokunjwa kona kali ndani ya nyumba, kiungo kilichoingia maji, au waya uliolegea njiani ukavutwa na lori.

Kisha ongeza laini ya simu kama akiba, kwa ruta yenye njia mbili. Hapa wengi hukosea: ruta huachwa ichunguze kama waya umechomekwa tu. Faiba ikikatwa barabarani, kifaa cha ndani bado kinawaka, ruta huona mambo ni salama, na wageni hubaki gizani. Iambie ichunguze anwani ya mbali, kama 8.8.8.8, kila sekunde 10, na ihamie simu ikikosa jibu mara tatu. Wakati wa akiba, mpe kila mgeni megabiti 3.

Stima nayo uipangie. Kifaa cha faiba na ruta hula kama wati 20. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ukitumia nusu yake isife mapema, hutoa saa mbili hivi.

Zipo hitilafu ambazo akiba hii haitibu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, mtandao ulipungua kote Afrika Mashariki, wa faiba na wa simu, kwa kuwa zote mbili hutegemea nyaya za baharini.

*Tangu nihamie laini ya simu, kamera ya duka langu Shela siioni nikiwa Mombasa.* – Mwenye duka

Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hivyo kufungua mlango wa mtandao (port) kwenye ruta hakufikishi popote. Tumia kamera ambayo yenyewe hujiunga na seva ya mtengenezaji wake, au kodi seva ndogo mtandaoni ujenge njia ya faragha kwa programu ya WireGuard kutoka dukani, ukiweka ishara ya uhai kila sekunde 25 njia isifungwe. Angalia bando: kamera ya megabiti 2 kwa sekunde ikituma mchana na usiku hula zaidi ya GB 21 kwa siku. Irekodi kwenye kadi yake, itume picha penye mwendo tu.

*Vile vikuza mawimbi vya dukani vyafaa?* – Msomaji, Malindi

Kisichoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano usikiwashe. Kikipotoka huujaza mnara kelele, na jirani zako wote hupoteza mtandao pamoja nawe.