OLED imepata 30% kwa filamu ya lenzi, seli ya sola haikupata kitu: anzia ndani

Mkuu, umesema filamu ya lenzi ndogondogo imeongeza mwanga wa OLED yako (taa ya LED ya matabaka ya oganiki) kwa 30%, lakini seli yako ya sola ya oganiki haikupata kitu. Hiyo 30%, hakikisha kwanza si ya uongo. Kama kihisi kilikaa mbele tu, filamu hiyo huenda imeelekeza mwanga upande wa kihisi bila kuuongeza. Pima kwa pembe zote, na kingo za kioo zipake rangi nyeusi.

Matabaka ya oganiki hupinda mwanga kwa n (kipimo cha upindaji) ya 1.7 hadi 1.8, ITO (elektrodi inayopitisha mwanga) karibu 1.9, kioo 1.5. Mwale ukigonga uso wa kioo kutoka ndani kwa zaidi ya nyuzi 42 (kutoka mstari ulio wima kwa uso) unarudi ndani. Ndiyo maana kifaa bapa hutoa takriban moja ya tano tu ya mwanga wake. Filamu ya nje huokoa ulionaswa ndani ya kioo, basi. Kujua kikomo chake, bandika nusu-tufe la kioo kwa tone la gliserini ya duka la dawa (n 1.47), bila kiputo cha hewa. Kwa pikseli ya mm 2, nusu-tufe liwe na kipenyo cha mm 20 au zaidi.

Unaobaki unanaswa ndani ya oganiki na ITO au unamezwa na katodi (elektrodi ya chuma ya nyuma), na hapo ndipo pa kushughulikia. Tengeneza sampuli tano za OLED ya kijani, ubadilishe unene wa tabaka la kupitisha elektroni peke yake: nanomita (nm) 30, 40, 50, 60, 70. Kilele mara nyingi huangukia 50 hadi 60. Kwenye 30 kushuka chini, mawimbi ya uso wa chuma (plazmoni) hula mwanga. Linganisha kwa mkondo uleule, si volti ileile, maana tabaka nene hudai volti zaidi. Chembe za TiO2 (oksidi ya titani) za kutawanya mwanga ndani ziache kwanza: zisipofunikwa na tabaka laini, ncha zinatoboa oganiki na unapata shoti.

Sasa seli ya sola: P3HT:PCBM yako (mchanganyiko wa oganiki unaofyonza mwanga) ya nm 140. Umeiweka bondeni! Mawimbi yanayoingia na yanayorudi kutoka kwenye alumini hufanya ufyonzaji uongezeke karibu na nm 80, ushuke, kisha uongezeke tena karibu na 210. Nenda 80 kama chaji zako zinatembea polepole. ZnO (oksidi ya zinki) ya nm 20 mbele ya alumini husaidia tabaka likiwa jembamba kuliko 80. Ukiwa kileleni tayari, inaweza hata kupunguza mkondo.

Na filamu kwenye sola: kioo cha mm 1.1 juu ya pikseli ya mm 2 kinaacha miale iliyopindishwa itokee nje ya pikseli. Jaribu kwenye pikseli pana, ukifunika kwa bati jeusi lenye tundu dogo kuliko elektrodi.