Mtungi mlangoni: nilivyojifunza kuandaa maonesho ya maktaba ya afya

Huu mwaka wa sita niko kaunta ya maktaba ya chuo kimoja cha afya hapa Dar, na kama kuna kazi iliyowahi kunitoa machozi basi ni maonesho. Mara ya kwanza kupewa niandae nilijituma jamani, ilikuwa Siku ya Malaria Duniani, Aprili 25, nikaprinti mabango kumi na mbili, takwimu, ramani, mbu anavyokua toka yai, maandishi madogo madogo kama yale ya karatasi ya dawa, nikabandika ghorofa ya pili karibu na majarida ya zamani. Wiki nzima napanda ngazi kuchungulia, hamna mtu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ana testi ya famakolojia kesho asubuhi, anatafuta kiti chenye soketi karibu apige msuli, halafu wewe unamwekea mbu aliyemsoma tangu sekondari.

Kwa hiyo wenzangu mlioko maktaba za afya, na nyie wanafunzi mnaotupiwa kamati ya wiki ya maktaba, anzeni na kitu kimoja kinachoshikika, msianze na mada. Malaria ni mada, mtu anaipita. Mtungi ukiuweka mlangoni mwa maktaba, lazima mtu aulize huu umefuata nini huku.

Mtungi wenyewe niliutafuta kwa ajili ya chikungunya, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu. Yani huu ugonjwa unasomwa dunia nzima, India, Brazil, mpaka visiwa vya Bahari ya Hindi, na jina lake limetoka hapa kwetu, Newala, kusini mwa Tanzania, kwenye mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Ni neno la Kimakonde, linaeleza mtu anavyokunjamana kwa maumivu ya viungo. Na kwanini mtungi? Kwa sababu uwanda wa juu wa Makonde maji yalikuwa ya shida, watu wanayafuata mbali na kuyatunza ndani ya nyumba, na Lumsden, mmoja wa waliochunguza ule mlipuko, akaonesha kwamba mbu aina ya Aedes alikuwa anazaliana humohumo kwenye vyombo vya maji vya nyumbani. Mtungi, kipande kimoja cha karatasi chenye mistari mitano kwa herufi kubwa, basi. Mtungi mkavu lakini, maji na vitabu havikai pamoja.

Siku ya pili askari wetu wa getini, mzee wa makamo, akasimama pale akasoma, akaniita, "Binti yangu, mbona umeandika Kiswahili? Hili neno letu Wamakonde." Na kweli kwenye kile kipande nilikuwa nimeandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili, nimelitoa kwenye kitabu, na vitabu vingi vimelikosea hivohivo. Nikabadilisha mbele yake. Halafu akaanza kuwaonesha wanafunzi anavyotembea mtu aliyeshikwa viungo, mgongo umepinda, mkono ukutani, vijana wakakusanyika wanauliza maswali na mzee anajibu. Nimehudhuria semina nyingi za ushirikishaji jamii, lakini ushirikishaji nimeuona siku ile. Sasa hivi kila maonesho kabla sijaprinti nawasomea kwanza watu wa usafi, askari na mama anayetuuzia chai, na wakikwama mahali najua pameandikwa vibaya.

Jambo la pili, na hili ndo nalishikilia sana, maonesho yasikae peke yake, yaunganishe na mafunzo. Sisi wote tunaandaa mafunzo ya kutafuta makala, ya HINARI (mlango wa kusoma majarida ya kulipia), ya PubMed (sehemu ya mtandaoni ya kutafuta makala za afya bure), tunabandika tangazo wanakuja watu wanne, wawili wamekosea mlango. Safari ile chini ya mtungi niliandika tu: unataka kuisoma ripoti ya daktari aliyewaona wale wagonjwa wa Newala? Njoo Jumatano saa saba mchana. Viti vikajaa. Tukaingia PubMed, tukaandika chikungunya na Newala, tukarudi mpaka 1955 kwenye makala ya Robinson, ndo yule daktari, na ya Lumsden, halafu ya Ross ya 1956 kuhusu kirusi chenyewe, hiyo inasomeka nzima bure. Wakajifunza kuchuja kwa mwaka bila mimi kutamka neno kuchuja. Mwishoni ndo nikawaambia kuna HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani tangu 2002 unaofungulia vyuo vya nchi kama zetu majarida ya kulipia, nywila mnaipata kaunta, na kuna mmoja yuko mwaka wa nne alikuwa hajawahi kuisikia! Iliniuma sana, maana miaka yote hiyo amekuwa akipita mbele ya kaunta yangu.

Mengine ni ya haraka. Usiweke kitu wiki za mitihani. Mafunzo yasizidi dakika arobaini, wana wodi. Sambusa zikiwepo vizuri, zisipokuwepo usiahirishe.

Ila picha za wagonjwa hapana. Najua vitabu vya zamani vimejaa watoto wa Kiafrika uchi na uvimbe usoni, na kuna mtu kwenye kamati atakuambia zinavuta macho. Mtoto yule hakuulizwa, mama yake hakuulizwa, na wewe unataka kumtundika mlangoni watu wapite na juisi mkononi. Nilikataa nikagombana, na leo ningekataa tena.

Safari ijayo nataka kumsimulia Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca kule Somalia, mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977. Alipona, baadaye akawa anahamasisha watu wachanje watoto polio, na akiwa kwenye kazi hiyohiyo malaria ikamchukua mwaka 2013. Mistari mitano nishaiandika, mzee wa getini kashaipitia. Kilichobaki natafuta mwiko, ule mrefu wa kupikia wali wa shughuli, niuweke palepale ulipokuwa mtungi.